Tangazo Lililofutwa na Mvua: Barua ya Wazi kwa Baraza la Madiwani wa Rungwe

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, na kwa Mkurugenzi Mtendaji aliye katibu wa baraza lenu, Tukuyu.

Waheshimiwa,

Naomba idhini ya kusema nanyi hadharani juu ya jambo ambalo kwa umbo ni dogo, maana ni habari ya karatasi moja, ubao na misumari minne, lakini ambalo kwa maana yake linagusa haki ya kila raia wa wilaya hii, haki ya kuyajua mashauri yake kabla hayajakatwa, wala si baada ya kukatwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, wakati ambapo mlima Rungwe huweza kufichwa na mawingu hata juma zima, nilikwenda ofisi ya kijiji kimoja, ambacho sitakitaja kwa sababu muradi wangu si kumshitaki mtu, ili nisome tangazo la mkutano mkuu wa wanakijiji. Ubao ulikuwa umetundikwa chini ya ukingo mfupi wa bati, na upepo uliokuwa ukishuka kutoka mlimani ulikuwa ukiisukuma mvua ubavuni, ikipiga ukuta badala ya ardhi. Karatasi ilikuwapo. Pembe zake tatu zilikuwa zimebanduka na ya nne ilikuwa ikiishikilia kwa msumari wenye kutu. Maandishi yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino yalikuwa yameyeyuka, yakawa michirizi ya samawati iliyoteremka mpaka chini, na kilichosalia kusomeka ni nusu ya mhuri na neno moja, WOTE. Kando yangu alisimama mzee aliyejikinga kwa jani la mgomba, akaniuliza, "Mwanangu, wanasemaje?" Nikamjibu kuwa sijui, maana yamefutika. Akaitazama karatasi ile kwa muda, akasema, "Basi tutasikia wakishamaliza." Akaenda zake.

Na kweli tulisikia walipokwisha maliza. Majuma mawili baadaye mwenyekiti wa kitongoji alipita nyumba kwa nyumba na daftari kwapani, akitujulisha kuwa mkutano ulifanyika, kuwa waliohudhuria walikuwa wachache, na kuwa mchango wa kumalizia vyumba viwili vya madarasa umepitishwa, kwa kiasi kadha kwa kila kaya. Nasema kwa yakini kuwa mchango ule ulikuwa wa haki, na lau ningalikuwapo ningaliuunga mkono kwa mikono miwili, maana watoto walikuwa wakisoma kwa zamu. Walakini jambo la haki likimfikia mtu mlangoni kama deni, ilhali lingemfikia barazani kama shauri, hulipokea kwa moyo wa mdaiwa. Wako waliolipa, wako waliokataa, wako waliozua maneno kuwa fedha zimeliwa. Na chumba kimoja mpaka leo kimesimama kuta tupu, majani yakiota ndani.

Waheshimiwa, agizo la kubandika matangazo na taarifa za mapato na matumizi kwenye mbao za ofisi ni agizo jema, tena la lazima. Lakini nchi yetu ni pana, na hali zake hazilingani. Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600, karatasi iliyobandikwa ukutani hupauka kwa jua, lakini hukaa. Hapa kwetu, ambako mawingu ya Ziwa Nyasa hupanda na kukwama milimani, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hunyesha tangu Novemba hadi Mei, na hata miezi ya baridi haikosi manyunyu na ukungu unaolowesha nguo kambani. Mvua hiyo ndiyo iliyotupa chai, ndizi, viazi, parachichi na maziwa. Wala hapana mtu wa Rungwe awezaye kuilaumu. Ila karatasi haiihimili, na desturi ya kuwasiliana na raia kwa karatasi tupu ni desturi iliyoletwa bila kuuliza mbingu za mahali.

Sheria, kwa upande wake, haikupungua. Sheria ya Serikali za Mitaa kwa Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, imemfanya kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, ikaupa mkutano huo madaraka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji. Na vikao vyenu wenyewe, waheshimiwa, ni vikao ambavyo raia anayo ruhusa ya kuingia, kuketi na kusikiliza. Katiba, katika ibara yake ya 18, imempa raia haki ya kupewa habari za mambo makubwa yanayohusu maisha yake. Kisha ikaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, iliyoweka siku 30 kwa ofisi kumjibu aombaye. Naiheshimu sana sheria hiyo, na nimepata kuitumia. Lakini haki ya kuuliza humfaa mtu ambaye tayari anajua kuwa kuna la kuulizwa, na yule mzee wa jani la mgomba, aliyeona neno WOTE peke yake, angeandika barua ya kuomba nini?

Nitatoa mfano. Mwaka 2017 ushuru wa mazao, uliokuwa ukifika asilimia 5, ulishushwa ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani 1 unaotolewa halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Kwa mwenye lori jambo hili ni la hesabu tu. Kwa mama mchuuzi wa ndizi ni jambo la chakula cha jioni. Nilisafiri na mmoja wao kutoka Kiwira kwenda Mbeya, mikungu yake sita ikiwa imefungwa juu ya gari, kila mmoja umefungwa kitambaa chekundu shinani ili asiupoteze sokoni. Akanieleza kuwa habari ya msamaha ule aliipata kwa utingo wa gari, muda mrefu baada ya kutolewa, na kwamba hata baada ya kuipata hakuwa na hakika, kwa kuwa hajaisikia kwa mtu wa serikali. "Ya utingo na ya serikali hayalingani," alisema. Alikuwa akingoja neno litokalo kwenu.

Aidha, mambo ya utawala yamezidi kuwa na vyumba vingi. Barabara za wilaya zilihamia TARURA mwaka 2017, maji ya vijijini yakahamia RUWASA mwaka 2019, na tangu Busokelo ipate halmashauri yake, wilaya yetu moja ina mabaraza mawili. Diwani akisimama mbele ya watu akaulizwa juu ya kivuko kilichochukuliwa na maji, hujibu, na husema kweli, kuwa kazi hiyo si ya halmashauri. Lakini muulizaji, ambaye hakupata kuelezwa mgawanyo huo hata siku moja, huondoka akidhani amefichwa. Shaka nyingi tunazozisikia vijiweni hazina asili nyingine ila hiyo.

Nami naona uchungu zaidi kwa sababu watu wa nchi hii hawakuwa na desturi ya kukata mashauri kimya. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa kwetu kwa utafiti kati ya mwaka 1934 na 1938, walistaajabishwa na vijiji vya rika, ambavyo vijana walivijenga pembeni mwa vijiji vya baba zao wakaishi pamoja hadi uzee. Na kitabu alichokitoa bibi huyo mwaka 1951 alikiita Good Company, kwa ajili ya neno letu la Kinyakyusa, ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa mazungumzo mema, kusikiliza na kusikilizwa, jambo ambalo wazee waliliona kuwa ndiyo shule ya akili, hata mtu aliyekaa peke yake walimhesabu kuwa amekosa malezi. Malafyale, yaani chifu, alikuwa na enzi yake, lakini aliyapata maneno ya watu kwa amafumu, yaani wakuu wa vijiji, na utawala ulipokabidhiwa kwa rika la wana katika sherehe ya ubusoka, ulikabidhiwa mbele ya kadamnasi. Sisemi zama zile zilikuwa kamili. Wanawake, ambao ndio leo wabebao mikungu na makapu ya chai, hawakuwa na sauti katika mazungumzo yale, na sitamani turudi huko. Nasema tu kuwa kuzungumza shauri kabla ya kulikata si ugeni uliotoka ng'ambo.

Tena tumekwisha onja hali ya kukosa baraza. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa nchi nzima, kwa nia njema ya kuharakisha maendeleo, na shughuli zake zikawekwa mikononi mwa maofisa. Na taifa lenyewe likakiri upungufu wa kuongozwa bila baraza, likazirudisha kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Baraza lenu, basi, ni kitu kilichopotea kikarudishwa.

Sasa nifikie haja yangu. Naomba ajenda za kila kikao cha baraza, na za kila mkutano wa kijiji, zitangazwe siku kumi kabla, kwa mdomo, mahali watu walipo. Asubuhi watu wapo kwenye vituo vya maziwa. Siku za kuchuma chai wapo kwenye mabanda ya kupimia majani mabichi, wakingoja mizani saa nzima wakiwa hawana kazi ila kuongea. Siku za gulio wapo sokoni. Ijumaa wapo misikitini, Jumapili wapo makanisani, ambako matangazo baada ya ibada husikilizwa kwa makini kuliko hotuba nyingi. Mtendaji wa kijiji asimame pale dakika tano, asome mambo yatakayojadiliwa, na penye wazee aeleze kwa Kinyakyusa. Redio za hapa kwetu ziyasome kadhalika. Wazee wa mji huu wanakumbuka mwaka 1986, Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara: hapana aliyeingoja karatasi ili ajue. Habari huenda mbio ikipewa kinywa.

Ubao nao usiachwe, kwa kuwa neno la mdomo hupotoka, na lazima pawepo hati ya kulirejea. Lakini uwe sanduku la mbao lenye kioo mbele, kufuli pembeni na paa la bati lililotokeza mkono mzima. Fundi seremala yeyote wa Tukuyu hulitengeneza kwa siku mbili. Na ndani yake, baada ya kikao, pawekwe muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha watu wote, wenye maamuzi yaliyopita, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na jina la ofisi inayohusika na kila jambo, TARURA ikiwa TARURA, kijiji kikiwa kijiji.

Najua jibu litakalotolewa, nalo lina ukweli ndani yake: kwamba raia wenyewe hawaji. Ni kweli. Mimi mwenyewe nimepata kuikosa mikutano miwili kwa sababu ya palizi, na nikalalamika kama waliokuwa safarini. Tunaoita mkutano siku ya gulio tusishangae watu wakienda gulioni, na tunaokaa nyumbani tusijifanye hatukuitwa. Hata hivyo siwezi kukubali kuwa uvivu ndio sababu ya kwanza, kwa kuwa nimewaona watu hao hao wakikaa msibani siku tatu, chini ya turubai linalovuja, wakisikiliza mgawanyo wa mali ya marehemu mpaka neno la mwisho, hapana aliyeondoka. Walikaa kwa sababu walijua tangu mwanzo ni jambo gani linaloamuliwa na linamhusu nani.

Kama kuna sababu inayozuia haya, iwe ya sheria, iwe ya fedha, naomba itajwe katika kikao chenu kijacho, nami nitakuja kuisikia. Nitaketi katika nafasi ya raia, nyuma, na nikipata habari ya siku yake mapema nitakuja na yule mzee.

Wasalaam, kwa heshima zote,

Mkazi wa Tukuyu