Mashauri ya Mwezi: Ng'ombe Apigaye Pembe, na Gari Lipitalo Kijijini



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya magari na pikipiki zipitazo kwa kasi katikati ya nyumba za watu, na habari ya dereva akutanapo na askari wa barabarani. Labda mtu atauliza: Je, hilo ni neno la gazeti la dini? Ndiyo, ni neno la dini kabisa. Ni neno la amri ya tano, na tena ni neno la amri ya saba, kama tutakavyoona.

Hapa kwetu Kasansa, na katika nchi yote ya Mpimbwe, barabara ni baraka. Mpunga na mahindi ya bonde letu hutoka kwa malori. Mgonjwa hupelekwa hospitali kwa gari, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku hupata pikipiki ya kumfikisha kwa wakunga. Wazee wetu walisafiri kwa miguu siku nyingi, mizigo kichwani. Kwa hiyo hatusemi kwamba gari ni kitu kibaya. Lakini barabara hiyo hiyo ndiyo njia ya watoto waendao shuleni, ndiyo njia ya wanawake waendao kuteka maji, ndiyo njia ya ng'ombe na mikokoteni, na kando yake ndipo penye soko na maduka. Wakati wa kiangazi vumbi la gari la kwanza hulificha gari la pili, na mtoto atokaye katika vumbi hilo haoni wala haonekani.

Sasa tutazame mwenendo wa madereva. Dereva mzoefu ajua mahali askari wapendapo kusimama na tochi, yaani kile chombo cha kupimia mwendo. Akikaribia hapo, huwa mpole kama mwana-kondoo. Akiisha kupita, hukanyaga mafuta kama mtu aliyefunguliwa gerezani. Tena yuko mwenzake atokaye mbele, naye humwashia taa kumwonya kwamba askari yupo. Hao wawili hawajuani hata kwa jina, lakini katika jambo hili ni marafiki wakubwa. Basi twauliza: ni nani aliyepata kumwashia mwenziwe taa kumwonya kwamba mbele kuna watoto watokao shuleni?

Dereva wa namna hiyo amwogopa askari, lakini hamwogopi Mungu wala hampendi jirani yake. Na katika vijiji vyetu askari wa barabarani hakai kila siku. Kama mwendo wa salama wategemea jicho la askari peke yake, basi mtoto wa kijijini hana mlinzi siku nyingi za mwaka.

Mashindano haya ya dereva na askari si mageni duniani. Katika nchi ya Uingereza, mwezi wa Januari mwaka 1896, mtu mmjoa aitwaye Walter Arnold alipita na motokaa katika kijiji cha Paddock Wood kwa mwendo wa maili 8 kwa saa, yaani kama kilometa 13. Sheria ya siku zile iliruhusu maili 2 tu mahali penye nyumba, tena mtu alipaswa kutangulia mbele ya gari kwa miguu. Askari alimwona, akapanda baiskeli, akamfukuza mpaka akamkamata, na Arnold akatozwa faini. Watu walicheka. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule, huko London, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll, aliyekuwa akitembea na binti yake, aligongwa na motokaa akafa. Huyo ndiye mtu wa kwanza aendaye kwa miguu aliyeuawa na motokaa katika nchi ile. Tangu siku ile hesabu imekuwa kubwa mno. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu watu 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani katika mwaka 2021, na kwamba ajali hizo huwaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote.

Katika nchi yetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yasema kwamba mahali penye makazi ya watu gari lisipite kilometa 50 kwa saa. Nao 50 ni mpaka, si amri ya kuufikia. Penye soko, shule, kanisa au msiba, mwenye akili hupunguza zaidi. Mwezi wa Februari mwaka 2020 wajumbe wa mataifa mengi walikutana Stockholm, nchi ya Sweden, wakashauri kwamba mahali waendao kwa miguu wachanganyikapo na magari, mwendo usizidi kilometa 30.

Walimu wanaweza kuiandika sababu yake ubaoni kama fumbo la hesabu. Gari liendalo kilometa 30 kwa saa hupita mita 8 hivi kwa sekunde moja; liendalo kilometa 50 hupita karibu mita 14. Dereva amwonapo mtoto, sekunde nzima hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki sawasawa. Gari la 30 lapita mita 8 katika sekunde hiyo, kisha, kwenye lami kavu na kwa breki nzima, lasimama baada ya mita 5 au 6 zaidi. Jumla ni kama mita 14. Je, gari la 50 li katika hali gani lifikapo mita hiyo ya 14? Breki zake ndiyo kwanza zaanza kushika! Basi mtoto aliyesimama mita 14 mbele, gari la kwanza lasimama miguuni pake. Gari la pili lamgonga kwa nguvu zake zote. Na huo ni mfano wa lami. Kwenye changarawe na vumbi gari huteleza, na hesabu huwa mbaya zaidi.

Sasa tuje kwenye sheria ya Mungu. Katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli walipewa sheria ya ng'ombe apigaye pembe. Kama ng'ombe alimwua mtu, naye hakujulikana kuwa mkali, ng'ombe alipigwa mawe, lakini mwenyewe hakuhesabiwa hatia. Bali kama ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa, asimfunge, basi damu ya aliyekufa ilikuwa juu ya mwenyewe. Sisi tukaao pamoja na wafugaji twaielewa sheria hiyo bila ya mfasiri. Ndugu zangu, gari na pikipiki ni ng'ombe apigaye pembe. Nani leo aweza kusema kwamba hakujua? Tumekwisha kuonywa, kila mmoja wetu.

Tena angalieni kwamba sheria ile haikumtazama mchungaji peke yake, ilimtazama mwenye ng'ombe. Wako Wakristu wenzetu wanunuao pikipiki na kumpa kijana aiendeshe, na kila jioni wamdai hesabu. Hilo si kosa. Ni biashara halali. Lakini ikiwa hesabu ni kubwa hata kijana hawezi kuipata ila kwa kukimbia, kwa kubeba watu watatu mishikaki, na kwa kutolala, basi mwenye pikipiki amemfungua ng'ombe mkali kwa mikono yake mwenyewe. Kijana akimgonga mtoto wa jirani, tajiri asiseme, "Mimi nilikuwa nyumbani." Damu haiulizi nani alikuwa nyumbani.

Kanisa nalo halikunyamaza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba wale wanaohatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi kupita kiasi, wana hatia kubwa. Na mwaka 2007 Roma ilitoa mwongozo juu ya watu wa barabarani, ndani yake mna amri kumi za dereva, na ya kwanza ni ile ile ya kutokuua. Kwa hiyo dereva atafutaye dhambi zake kabla ya kuungama asiusahau usukani wake.

Hapa twaongeza neno moja. Wengi huleta magari na pikipiki zao kwa padre zibarikiwe, nao wafanya vema. Lakini baraka si hirizi. Rozari ininginiayo mbele ya dereva, au jina la Yesu lililoandikwa kwa rangi nyuma ya gari, havishiki breki. Yeye aendeshaye ovyo chini ya jina hilo takatifu alitangaza vibaya mbele ya wasioamini.

Na sasa, habari ya askari. Askari asimamishaye gari afanya kazi ya kuwalinda wanyonge, nayo ni kazi ya heshima. Dereva Mkristu asimame, amsalimu kwa adabu, atoe leseni yake, na kama amekosa akubali. Akiandikiwa faini, ailipe kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Wenye pikipiki na bajaji wakumbuke kwamba mwaka 2021 faini yao ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Serikali iliona umaskini wao ikawahurumia.

Lakini twajua yasemwayo kando ya barabara: "Afande, tumalizane hapa hapa." Noti yaingia ndani ya leseni, leseni yarudi bila ya noti, na gari laondoka. Je, dereva amenunua nini? Atadhani amenunua faini kwa bei ndogo. La! Amenunua ruhusa ya kukimbia katika kijiji kifuatacho. Na askari ameuza nini? Ameuza kitu kisicho chake, maana ulinzi wa mtoto yule ni mali ya mtoto. Ndiyo maana tulisema tangu mwanzo kwamba jambo hili lagusa amri ya saba pia. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 yawahesabu wote wawili kuwa wakosaji, yeye atoaye na yeye apokeaye.

Wako watoto wa nyumba za Kikristu walioingia kazi ya polisi, nasi twaona fahari juu yao. Wazazi, wakumbusheni habari za Yohane Mbatizaji. Askari walipomwendea mtoni na kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaambia wasimwonee mtu, wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao. Na dereva asiyekosa akidaiwa kitu na askari asiye mwaminifu, asigombane wala asitukane. Aombe kosa lake liandikwe, na ikibidi apeleke habari TAKUKURU kwa simu ya bure, namba 113.

Basi, twatoa mashauri haya kwa nyumba zetu na kwa shule zetu:

Kwanza, abiria wasiwe washiriki wa kosa. Mara nyingi sisi wenyewe twapiga kelele, "Kanyaga, tunachelewa!" Afadhali sauti ile ile iseme, "Dereva, punguza mwendo, hapa pana watu." Mama mmoja akianza, wengine watamwitikia.

Pili, wenye pikipiki waweke hesabu ya haki, na siku ya mvua kubwa au ya ugonjwa wamsamehe kijana. Jioni wasimwulize tu, "Umeleta kiasi gani?", wamwulize pia, "Umepitaje pale shuleni?" Wamnunulie kofia ngumu, yake na ya abiria wake.

Tatu, walimu wawafundishe watoto kutembea upande wa kuume wa barabara, wakiyaelekea magari, kwa kuwa kwetu magari hupita upande wa kushoto. Kabla ya kuvuka wasimame, watazame kuume, kisha kushoto, kisha kuume tena. Wakubwa wawashike wadogo mkono. Usiku kila mtu avae nguo nyeupe au achukue taa.

Nne, katika arusi na misiba tusiruhusu vijana kushindana kwa pikipiki. Furaha isigeuzwe kuwa msiba, na msiba mmoja usizae wa pili.

Tano, ajali ikitokea, tumsaidie aliyeumia kwanza, kama yule Msamaria mwema. Dereva asikimbie, sheria yamtaka asimame, asaidie, na atoe habari polisi. Wala sisi tusimpige dereva, wala tusichome pikipiki yake. Dereva aonaye mawe yaja atakimbia, na aliyeumia ataachwa njiani.

Mwisho, wenye nyumba kando ya barabara wapeleke ombi lao kwa mwenyekiti wa kijiji, ili vibao na matuta viwekwe penye shule na soko kwa njia ya halali. Tuta halipokei rushwa, wala halilali usiku.

Jioni hii, mkiisha kusali pamoja, baba wa nyumba awaulize watoto wake mahali gani barabarani wanapoogopa kuvuka. Wao wanajua vizuri kuliko sisi. Kisha baba huyo huyo, kesho apandapo pikipiki yake, apunguze mwendo mahali pale pale, hata kama hakuna askari amtazamaye.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema habari ya akiba ya chakula nyumbani. Mungu awalinde njiani.