Mwalimu wa Nakivale Asiachwe Peke Yake

Ndugu zangu wa Mbarara, na ninyi mliowahi kuishi Nakivale ambao leo mko Kampala, Nairobi au ng'ambo, nina ombi kwenu kuhusu walimu.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, yako jirani na mji wetu. Unapanda teksi, kisha bodaboda kwenye vumbi, na saa sita ya mchana haijagonga umeshafika. Yalianzishwa mwaka 1958, na muda mfupi baadaye yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Sisi wa mjini tunayajua kwa mahindi na maharage yanayoletwa sokoni. Madarasa yake wengi wetu hatujawahi kuyaingia.

Tumtazame mwalimu wa Kiswahili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umelifanya somo lake kuwa la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Kwa hiyo hakuna mtoto wa vidato hivyo asiyepita mikononi mwake. Asubuhi huanza na watahiniwa wa kidato cha nne, ambao mawazo yao yote yako kwenye mtihani wa Baraza la Mitihani la Uganda (UNEB): insha, ufahamu, sarufi. Kengele ikilia hukusanya chaki na daftari lake, akaenda kidato cha kwanza. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Siku ya ngeli ya KI-VI, benchi moja lina watoto watatu. Msichana kutoka Rutshuru, mashariki mwa Kongo, anazungumza Kiswahili tangu utotoni, ila husema "kitabu yangu", kama wanavyosema watu wengi wa kwao. Huyu hahitaji kufundishwa kuzungumza. Anahitaji kuonyeshwa Kiswahili cha mtihani bila kuaibishwa kwa Kiswahili cha mama yake. Kando yake yupo mvulana Mnyankole wa kijiji cha jirani ambaye Kiswahili alikuwa akikisikia redioni tu. Mwalimu akimkumbusha kwamba nyumbani husema ekitabo na ebitabo, anaikamata ngeli papo hapo. Wa tatu ni Msomali, ambaye lugha yake haina ngeli za namna hii, naye lazima aanze mwanzo kabisa. Hayo ni masomo matatu ndani ya kipindi kimoja, na nyuma yao darasa limejaa hadi mlangoni. Kitabu kikiwa kimoja kwa benchi zima, mmoja husoma kwa sauti na wenzake wakainama kufuatilia.

Na wapo wanaofika katikati ya muhula. Tangu vita viliporudi Kivu Kaskazini huko Kongo, Bunagana ikatekwa Juni 2022 na Goma Januari 2025, familia nyingi zimevuka mpaka, zikapitia kituo cha Nyakabande kule Kisoro, kisha zikaletwa Nakivale. Mtoto wa aina hiyo amesoma kwa Kifaransa. Kwenye Fizikia anakaa kimya, kwenye Historia kimya, kwa sababu Kiingereza hakijamfikia. Kikija kipindi cha Kiswahili, ananyoosha mkono. Mwalimu wa Kiswahili ndiye wa kwanza kugundua kwamba mtoto huyu ana akili nyepesi, au kwamba amekuja bila kula tangu jana, au kwamba anaishi na shangazi kwa kuwa wazazi hawajulikani walipo. Walimu wengine humwendea yeye kuuliza.

Mchana huwa kidato cha pili, kisha kidato cha tatu, kwa wale waliochagua kuendelea na somo. Jioni madaftari yanamsubiri. Mtaala huu umeweka asilimia 20 ya alama za mwisho kwenye kazi za darasani, na mwalimu hana budi kumfuatilia kila mwanafunzi na kuandika maendeleo yake. Ni mpango mzuri, naukubali kwa moyo wote. Lakini katika darasa lililofurika, mpango huo unamtaka mtu mmoja awe na macho ya watu watano.

Na malipo yake? Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wenzao wa sanaa, wa Kiswahili wakiwemo, walibaki kwenye milioni 1 hivi, wakagoma, wakarudi darasani bila nyongeza hiyo. Sisi raia hatuna uwezo wa kupanga mishahara. Tuna uwezo wa mambo mengine.

Humo makazini wapo walimu waliosomea kazi hiyo Kongo na Burundi, na leo wanalima au wanauza dukani kwa sababu vyeti vyao ni vya Kifaransa. Vinahitaji kutafsiriwa rasmi, kisha vithibitishwe na UNEB, au na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama ni vya chuo. Kinachowashinda ni gharama na safari za ofisini. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi nchini. Kanisa moja, msikiti mmoja, au kikundi kimoja cha akiba kikibeba gharama za mwalimu mmoja, mwalimu yule wa benchi la watoto watatu atapata mwenzake. Kwangu mimi hili ndilo la kwanza, kabla hata ya vitabu.

Wanachuo wa ualimu wa Bishop Stuart na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, ombeni mazoezi yenu ya kufundisha mkayafanyie Nakivale. Walimu wastaafu, mkono wenu wa kusahihisha insha bado una nguvu: mchana mmoja kwa wiki unatosha kumpunguzia mtu mzigo. Wazazi wenyeji ambao watoto wenu wanasoma humo humo, nendeni kwenye mikutano ya wazazi, mkae na wazazi wakimbizi, maana shule ni yenu pamoja. Nanyi wenye vitabu vya Kiswahili na mitihani ya miaka iliyopita vilivyolala kabatini, vifungeni vizuri mvilete.

Ila usinunue wala kupeleka chochote kwa kukisia. Kabla muhula ujao haujafunguliwa, nenda ofisini kwa mwalimu mkuu, jitambulishe, uliza upungufu uko kidato gani na somo gani, kisha chukua jambo moja unaloliweza ulifanye mpaka mwisho wa mwaka.