Kichanga Naye Huumwa

Ndugu mwandishi aliyedai katika makala yake kwamba kichanga, kwa kuwa ubongo wake haujakomaa, hasikii uchungu wa kisu, na kwa hiyo kumpa dawa kali ya maumivu ni kumhatarisha bure, amefufua itikadi ambayo utafiti uliibatilisha zamani.

Mwaka 1987, Anand na wenziwe wa Oxford walitangaza katika jarida la Lancet habari za watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wakapasuliwa ili kufungwa mshipa ulio karibu na moyo: wote walipewa gesi ya naitrasi oksaidi na dawa ya kulegeza misuli, ila baadhi tu, kwa kura, wakaongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu. Wale wasioongezewa walilala kimya (wangeliaje, ilhali misuli imelegezwa?), lakini damu yao ilijaa homoni za taharuki, sukari ikapanda, na baada ya upasuaji wakapatwa na madhara mengi zaidi ya wenzao.

Hatari ya dawa siikanushi. Lakini hiyo ni hoja ya kumtaka tabibu apime dozi kwa hadhari, wala haihalalishi kumpasua kiumbe asiye na kauli bila ya kumtuliza maumivu.