Barazani kwa Mwalimu: Shemasi wa Nasibini na Tenzi Zetu

Ndugu zangu na wanangu, mwaka huu napenda tuzungumze khabari ya mawaidha na ushairi. Atakayetufungulia mlango ni mtu asiyekuwa wa dini yetu. Naye ni Efremu wa Nasibini, shemasi wa Kikristo aliyefariki tarehe 9 Juni 373, kiasi cha miaka 200 kabla ya kuzaliwa Mtume wetu (S.A.W.). Najua wapo watakaouliza, mtu aliyelelewa chuoni anatafuta nini kwa shemasi? Nawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wahukumu.

Khabari zake nilizisikia mara ya kwanza kwa jirani yetu hapa Uingereza, mwalimu mstaafu kama mimi, aliyesomesha fasihi miaka mingi. Yeye ni shemasi katika Kanisa Katoliki. Shemasi si padri: hasomi Misa wala hapokei maungamo, lakini hubatiza, hufungisha ndoa, huzika, na huhubiri. Tangu Papa Paulo VI aliporudisha utaratibu wa zamani mwaka 1967, hata mwanamume mwenye mke huweza kuwa shemasi maisha yake yote. Jirani yangu ana mke na wajukuu. Aliniambia kuwa ikifika wiki ya zamu yake ya kuhubiri, husoma Injili ya siku ile, kisha hufungua kitabu cha mashairi ya kale kabla hajashika kalamu. Nilipomuuliza sababu, alisema kuwa maneno ya dini yakisemwa kila wiki kwa namna ile ile huchakaa, watu wakayasikia bila ya kuyasikiliza. Washairi wa kale humkumbusha kuwa neno lina uzito na lina ladha. Na katika hao wote, imamu wake ni Efremu.

Basi mtazameni huyu mtu. Nasibini ni mji ambao leo unaitwa Nusaybin, uko Uturuki, mpakani na Syria. Zama hizo ulikuwa ngome ya Warumi mbele ya Waajemi, na Mfalme Shapur wa Pili aliuzingira mara tatu asiuchukue. Walakini mwaka 363 Kaisari Juliano aliuawa vitani, na aliyemrithi akautoa mji kwa mkataba wa amani. Wenyewe hawakushindwa, bali walitolewa kwa kalamu, na sharti likawa wahame. Efremu alikuwa mtu mzima, wa miaka hamsini na kitu, alipofungasha virago pamoja na wenzake. Akaishia Edessa, mji ambao Waarabu waliuita Ar-Ruha na leo unaitwa Urfa. Huko aliishi miaka kumi ya mwisho wa umri wake, muhajiri miongoni mwa wenyeji.

Huko Edessa alikuta watu wanaimba. Mwanafalsafa Bardaisan, aliyefariki mwaka 222, alikuwa ameeneza mafundisho yake kwa nyimbo, na Efremu mwenyewe anataja kuwa zilikuwa 150. Efremu aliyaona mafundisho yale kuwa ni upotofu. Kuandika vitabu vya hoja aliandika, lakini alijua kuwa hoja husomwa na wachache, na wimbo hukaa kinywani mwa aliyesoma na asiyesoma. Kwa hivyo naye akatunga, na tungo zake zilizotufikia ni zaidi ya 400.

Sasa sikilizeni ajabu ya lugha. Lugha yake ilikuwa Kisiriani, ndugu wa Kiarabu, na tungo hizo katika lugha ile huitwa madrasha. Neno hili ni la ukoo mmoja na madrasa na darsa! Hata neno letu shemasi asili yake ni huko huko Kisiriani, na maana yake ni mtumishi. Madrasha moja ina beti zenye mizani maalumu, na baada ya kila ubeti wasikilizaji hujibu kwa kiitikio. Na waimbaji wa Efremu walikuwa wanawake. Yakobo wa Serugh, mshairi aliyefariki mwaka 521, alimsifu khasa kwa hilo, kwamba aliwafungua wanawake vinywa wakawa walimu kwa sauti zao. Mtu huyu alielewa kuwa mama akijua wimbo, mtoto atalala nao.

Katika tungo zake ziko tano ambazo amezungumza na lulu. Ameishika mkononi, akaigeuzageuza, na kila upande akaona ishara ya imani yake. Sisi hatukubaliani naye katika yale anayoyasema juu ya Nabii Isa, na jirani yangu analijua hilo, wala hatufichani. Lakini ile njia ya kushika kitu ambacho kila mtu amekiona, ukamfundisha kwacho asichokiona, hiyo ni njia ya kila mwalimu mwema.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake njaa iliingia Edessa. Inasimuliwa kuwa matajiri walikuwa na nafaka ila hawakumwamini mtu wa kuigawa. Wakamwamini yeye, akaweka vitanda kiasi cha 300 kwa wagonjwa, na muda mfupi baada ya kazi ile akafariki. Mwenye kuimba juu ya rehema alionekana akiifanya, ndiyo maana khutba yake haikuwa upepo.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Wapo wanaodhani ushairi na dini havikai pamoja. Hao wakumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini asome mashairi yake. Na wazee wetu wa pwani waliifuata njia hiyo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akauonya moyo wake kwa kuutazamisha majumba ya Pate yaliyobomoka. Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, mwaka 1858, alimuusia binti yake kwa utendi wa mizani nane. Hazina hii tumekuja nayo ughaibuni. Je, tunaifanya nini?

Bibi mmoja katika jamaa zetu alikuwa akiujua utendi huo wote kwa moyo. Akipeta mchele anaghani, akimsuka mjukuu anaghani. Alipofariki, katika wale waliokaa matangani hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kuuendeleza kupita beti tatu. Watoto walikuwapo, na vitabu rafuni vilikuwapo. Kilichoondoka siku ile ni sauti. Na watoto hao hao kila Ijumaa wanasikiliza khutba ya Kiingereza, nzuri na sahihi, lakini ukiwauliza jioni khatibu kasema nini, wanatazamana.

Wengine watasema Kiswahili cha tenzi ni kigumu, kina maneno ya Kiamu yasiyosikika tena. Ni kweli, na dawa yake ni kukisoma. Wengine, khasa mabinti, watasema wasia wa Mwana Kupona juu ya mke kumtumikia mume si wa zama hizi. Nawaambia, someni mbishane naye! Mama yule anastahiki kujibiwa, wala hajibiwi mtu asiyesomwa.

Nashauri jambo moja, tena jepesi. Utendi wa Mwana Kupona una beti 102. Ramadhani ijayo, kila nyumba isome beti nne baada ya kufuturu, mkubwa aghani, na wadogo warudie kila mstari wa mwisho. Usiku wa 26 mtakuwa mmemaliza, na siku za kujitayarisha kwa Idi zimebaki. Maneno magumu waulizeni wazee kwa simu, maana nao wanangoja kuulizwa. Watoto watakaouhifadhi, majina yao yaletwe kwa mhariri, tuyachape katika kitabu cha mwakani. Ukurasa wao nimekwisha uomba.

Wassalaam.