Madaraja yasikae ndani ya Mwanafunzi!
Leo nina ugomvi na wanaosoma faili la alama kisha wanachomeka madaraja humohumo kwenye klasi ya Mwanafunzi. Acheni jamani! Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yalitoka kwa GPA, ya 2015 yakarudi kwenye divisheni. Alama 60 ni 60. Kilichogeuka ni kanuni ya kuipa jina. Hapa Kirumba, pale Mwaloni, bei ya dagaa inapanda na kushuka. Nani aiandike kwenye gunia kwa rangi? Kanuni ipewe klasi yake. Na mwenye ABS kwenye faili hakufanya mtihani. Programu yako ikimpa sifuri, imemsingizia mtoto wa watu. Haya, anayebisha aje!