Uwazi wa mhifadhi si siasa

Wanaodai kwamba mapenzi ya mtu hayahusiani na kuhesabu ndege wanasahau kazi hii inavyofanyika. Katika nyanda za juu za Uskoti, mhifadhi huweza kulala nyumba moja na wenzake, mbali na mji. Aliyeoa humtaja mkewe kila siku. Mwanamume akimtaja mwenzi wake wa kiume, anaambiwa analeta siasa. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kazini, lakini sheria haiketi naye mezani jioni. Wengine wanahofia kwamba wakulima anaofanya kazi nao watakosa imani naye. Lakini mkulima humwamini anayetimiza ahadi na kurudishia lango la malisho. Anayeficha nusu ya maisha yake hulazimika kukwepa mazungumzo, na kukwepa huko ndiko huzaa shaka. Sisemi watu washurutishwe: mwaka 2017 shirika la uhifadhi la National Trust liliwataka wanaojitolea katika jumba la Felbrigg Hall, Norfolk, wavae beji za upinde wa mvua, ishara ya kuunga mkono wapenzi wa jinsia moja, baadhi wakakataa, likalegeza agizo. Hiari ni haki ya wote. Mashirika na yaanzie kwenye makazi: kila mfanyakazi apate chumba chake, na malalamiko yake yasipitie kwa msimamizi anayeishi naye.