Daftari Lisilouliza

Wapo wasemao kuwa kampuni ikisajiliwa kwa siku moja, basi taifa limeendelea. Mimi nauliza: ni nani anayeilipia haraka hiyo? Muda aliouokoa mwenye kampuni huenda ukalipwa na yule atakayemkopesha mali, kwa kuwa tu alilisoma jina lake katika daftari la serikali akaliamini.

Tazama Uingereza, ambayo Sheria yake ya Makampuni ya 2006 imefuatwa kwa karibu na ile ya Kenya ya 2015. Kwa miaka mingi mtu aliweza kusajili kampuni huko kwa kompyuta, kwa paundi 12, pasipo kuonyesha kitambulisho. Msajili alipokea, kuhakiki hakukuwa kazi yake. Mwaka 2013 mfanyabiashara mmoja alisajili kampuni, akamwandika Vince Cable, waziri wa biashara wa wakati huo, kuwa mkurugenzi bila ridhaa yake. Alisema alitaka kuonyesha udhaifu wa mfumo. Mwaka 2018 alitozwa faini kwa kutoa taarifa za uongo. Aliyeonyesha tundu akaadhibiwa, tundu likabaki. Sheria ya kuliziba ilipitishwa 2023, na wakurugenzi wakaanza kulazimika kuthibitisha utambulisho wao Novemba 2025.

Sisemi turudi kwenye mafaili yenye vumbi na makarani wa "njoo kesho". Urasimu ule haukutupa uhakika; ulitupa foleni, na foleni huzaa chai. Lakini si kweli kwamba hatuna budi kuchagua kimoja. Ujerumani, tangu Agosti 2022, waanzilishi wa kampuni yenye dhima ya ukomo wanaweza kukamilisha hati zao kwa njia ya video. Hata hivyo mwanasheria mthibitishaji yupo upande wa pili wa kioo, anamtambua mtu na kumweleza anachotaka kukitilia saini. Kilichoondolewa ni safari, si swali.

Naam, swali lenyewe ni "wewe ni nani?" Lisipoulizwa mara moja mlangoni, litaulizwa na kila benki, kila muuzaji, na mwishowe na hakimu, wakati mali imekwisha kutoweka. Huko si kuokoa muda. Ni kuwatwisha wengine mzigo. Na serikali inayogonga muhuri bila kuuliza imewaazima jina lake watu isiowajua.